Bunduki ya mwanga uani kwangu Chang'ombe: miezi saba, meza moja na kero zake

Siku ya tatu tangu nifungue boksi, mwenyekiti wa mtaa alikuja na mjumbe wake. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi nimekaa uani kwenye kiti mwendo changu, kitako cha bunduki kimegota begani, jicho la kushoto nimelifumba, kuku wanapita chini ya mtutu bila wasiwasi wowote. Geti likagongwa, na kabla sijaitikia likafunguka. Mzee wa watu alikuwa amevaa koti la suti juu ya msuli, kuonyesha kwamba ameamshwa kwa jambo zito.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Tumeambiwa una silaha."

Nyuma ya mjumbe niliona kitambaa cha jirani yangu mmoja kikichungulia ukutani, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza nani kaambia. Nikamkabidhi mzee bunduki. Akaigeuza, akachungulia mtutuni (sijui kwa nini kila mtu hufanya hivyo), akaona kioo kidogo badala ya tundu. Nikamweleza kwamba haina risasi, haina baruti, haina hata upepo. Ukivuta kifyatulio inatoa mwanga wa kufumba na kufumbua, kama rimoti ya televisheni, na lile boksi jeusi kule ukutani linaupokea na kuandika umegonga wapi. Mzee akataka kujaribu. Akapata 4. Mjumbe akapata 7, na ndipo nilipojua kesi yangu imekwisha, maana mjadala ulihamia kwao wawili.

Naanza na hilo kwa sababu muuzaji hakuniambia, na nadhani alipaswa kuniambia. Ukileta kitu chenye umbo hili mtaani, nenda kwanza kwa mwenyekiti na kwa polisi kata, ukionyeshe mchana kweupe, uandikishe. Na usikibebe wazi kwenye bajaji. Mimi nilikishonea mfuko mrefu wa turubai la kijani, kila anayeniona nao anadhani nimebeba gitaa la kwaya.

Sasa nijitambulishe kidogo, kwa kuwa maoni ya mtu anayesimama na ya mtu anayekaa kuhusu kifaa hiki hayawezi kufanana. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 36, nashona suti za kike na sare hapa hapa Chang'ombe, Dodoma. Miguu yangu haifanyi kazi tangu ajali ya basi nikiwa na miaka 22. Kiunoni nina nguvu nusu nusu: naweza kukaa wima lakini nikinyoosha mikono yote miwili mbele bila kuegemea, naanguka kama gunia. Cherehani yangu ni ya mota, ya kukanyaga niliuza.

Habari ya kulenga shabaha niliipata kwenye simu, mwisho wa mwezi wa nane mwaka 2024, mashindano ya Paralimpiki ya Paris, yaani Olimpiki ya watu wenye ulemavu, yakiendelea. Kulikuwa na msichana wa Kihindi, Avani Lekhara, kwenye kiti mwendo, bunduki begani, uso umetulia kama anayesali. Alipata ajali ya gari mwaka 2012 akiwa mtoto, akaanza kulenga mwaka 2015, na Tokyo mwaka 2021 akawa mwanamke wa kwanza wa India kuchukua dhahabu ya Paralimpiki. Paris akairudia. Alama zake za fainali zilikuwa 249.7 kwa mizunguko 24, mzunguko mmoja ni kupiga mara moja. Mimi ni mtu wa hesabu za futi kamba, nikagawanya papo hapo: zaidi kidogo ya 10.4 kila mzunguko, na alama ya juu kabisa ya mzunguko mmoja ni 10.9. Nikarudia kuangalia ile video mpaka bando likaisha.

Kilichonishika zaidi ni ukubwa wa shabaha yenyewe. Kwa bunduki ya upepo ya mita 10, shabaha nzima, pete zote kumi, ina upana wa milimita 45.5. Ni kama mdomo wa kikombe cha kahawa cha barazani. Na ile kumi ya katikati ni kidoti cha milimita 0.5. Mafundi wenzangu watanielewa: sindano ya cherehani namba 14 ina unene wa milimita 0.9. Yaani kumi ni karibu nusu ya unene wa sindano unayoshonea kitenge, na wewe uko mita 10 nyuma. Nikajisemea, jamani, hii si kazi ya askari, hii ni kazi yangu.

Bunduki halisi sikutaka habari zake. Nilitaka kujua kama mikono yangu inaweza. Ndipo nikakipata hiki, kilichotumika, kutoka Ujerumani, kupitia muuzaji wa mtandaoni na wakala wa mizigo wa Dar es Salaam. Bei 690,000, kusafirisha 85,000, na basi la kuja Dodoma 8,000. Jumla 783,000, ambayo ni sare nyingi sana za shule. Chapa sitaitaja kwa sababu nitakachosema mbele si kizuri chote.

Ndani ya boksi kuna bunduki yenyewe, ya mbao na alumini, ina tundu la kuchungulia nyuma na pete mbele kama zile za mashindano. Kuna boksi la kupokea mwanga, ukubwa wa kitabu cha hesabu cha darasa la saba. Kuna waya wa kwenda kwenye kompyuta, na programu inayochora shabaha na kuweka nukta mahali ulipogonga, pamoja na alama mpaka desimali moja. Na kuna kitabu cha maelekezo cha Kijerumani kitupu. Mpwa wangu anayesoma UDOM alinitafsiria kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, tukacheka sana tulipofika kwenye picha ya mtumiaji: mtoto wa miaka tisa hivi, kavaa fulana yenye dubu. Kumbe kule Ujerumani mtoto chini ya miaka 12 haruhusiwi bunduki ya upepo, kwa hiyo vilabu vinawafundishia hizi za mwanga. Mimi mtu mzima na nywele mbili nyeupe nimenunua chombo cha chekechea.

Hilo si aibu, ila lina matokeo. Kitako ni kifupi. Nikiweka begani, shavu langu linapita pale linapotakiwa kukaa, pua inagusa tundu la kulengea. Kuna skrubu ya kurefusha, inarefusha vidole viwili tu. Niliongeza kipande cha mninga nyuma, nikakivalisha raba ya tairi la ndani, tatizo likaisha. Uzito nao ni mdogo. Nilipima kwenye mzani wa buchani, kilo 2.8. Bunduki za upepo za mashindano zinaruhusiwa kufika kilo 5.5, na kuna sababu: chombo chepesi kinafuata kila mpigo wa moyo. Nikafunga chuma chini ya mtutu, ikafika kilo 4 na ushee, na mtetemo ukapungua siku hiyo hiyo.

Lakini tangazo la muuzaji lilisema, nanukuu kichwani, kwamba kinafaa kwa watu wenye ulemavu "bila kuongeza chochote". Hapo ndipo nina ugomvi naye. Kwa mtu aliyekaa, bunduki ni nusu ya chombo. Nusu nyingine ni kiti na meza, na hizo hakuna anayekuuzia kwenye boksi.

Nieleze kanuni kidogo, maana bila hizo hutaelewa kwa nini nilimsumbua fundi wa watu majuma matatu. Mchezo huu uko Paralimpiki tangu Toronto mwaka 1976. Wachezaji wamegawanywa makundi mawili. SH1 ni wanaoweza kubeba uzito wa silaha wenyewe, iwe bastola au bunduki. SH2 ni wa bunduki tu, wale ambao mikono haibebi uzito, wanapewa stendi yenye springi. Halafu kuna mikao. Mkao wa "kusimama" kwa sisi wa viti ni kukaa na kulenga viwiko vikiwa hewani, huegemei popote. Mkao wa "kulala" ni kukaa vile vile, ila viwiko viko juu ya meza. Kwa hiyo ninasimama nikiwa nimekaa, na ninalala nikiwa nimekaa. Mama yangu aliposikia alisema hao Wazungu walioandika walikuwa wamechoka.

Na mgongo wa kiti nao una kanuni. Anayeshika kiwiliwili vizuri hapewi mgongo, asiyeshika kabisa anaruhusiwa mrefu, wa katikati kama mimi anapewa mfupi. Wanapima, si unajichagulia.

Basi nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, hapa hapa Chang'ombe, jamaa anayetengeneza mageti na vitanda vya chuma. Hajawahi kuona mchezo huu, na hilo likawa faida, kwa sababu hakujifanya anajua. Nilimwonyesha video. Akaangalia mara mbili, ya tatu akasimamisha simu na kidole chenye masizi, akasema, "Dada, huyu hategemei mkono. Huyu kakaa juu ya kitu ambacho hakiendi popote."

Nusu ya nilichojifunza miezi saba kimo kwenye sentensi ile.

Meza ya kwanza aliitengeneza ya miguu minne, bomba la skwea la inchi moja, plaiwudi ya milimita 18 juu. Nzuri kwa macho. Tukaipeleka uani. Uani kwangu, kama uani kwa watu wengi, ni udongo uliofagiliwa, una bonde hapa na kilima pale. Ikachechemea. Halafu chuma cha kuunganisha miguu ya mbele kikagonga vikanyagio vya kiti changu, nikashindwa kusogea karibu. Fundi hakubishana na hakuongeza bei. Aliipakia kwenye guta, akarudi siku ya nne na meza ya miguu mitatu, mmoja mbele na miwili pembeni, upana wa kupitisha magurudumu yangu. "Ya miguu mitatu haichechemei hata ukiiweka juu ya mawe," akasema, akaigonga na ngumi ili niamini. Kweli. Miguu ameifanya bomba ndani ya bomba, kuna matundu kila sentimita mbili na pini ya kuchomeka, unapandisha na kushusha. Upande wa tumbo nilimkatia karatasi kama ninavyokata ya kwapa la koti, akafuata mkunjo ule kwa msumeno wa mkono, kwa hiyo meza inanikumbatia. Juu nimegundisha sponji nyembamba na kipande cha zulia, viwiko visiteleze. Vyuma 52,000, plaiwudi 26,000, ufundi 40,000. Mimi ningempa zaidi.

Kiti ndicho kilichotupa kazi ambayo hatukuitegemea. Changu ni cha msaada, cha kukunjwa, mgongo wa turubai lililolegea kama chandarua cha zamani. Nililing'oa nikashona jipya, turubai mara mbili, mishono mitano ya kwenda na kurudi, nikalishusha chini ya mbavu kwa sababu ya ile kanuni. Vishikio vya mikono vilikuwa vimechomelewa na vinagonga viwiko. Fundi akavikata akaviwekea bolti za kuchomoa. Bado mtutu ulikuwa unatembea. Kwenye kompyuta nukta zangu zote zilikuwa zimepangana kama ngazi, juu, chini, juu, chini. Nikadhani ni pumzi. Nikashusha pumzi, nikabana pumzi, ngazi iko pale pale.

Aliyegundua ni kijana anayemshikia fundi grainda, wa miaka kumi na saba labda. Alikuwa amechuchumaa nyuma yangu akila muwa. Akasema, "Mama, tairi zinapumua." Tairi za nyuma ni za upepo, zilikuwa laini, kila nikivuta hewa kifua kinapanda, mwili unahama, kiti kinabonyea. Tukajaza na pampu ya baiskeli mpaka zikawa ngumu kama jiwe, tukaweka vigingi vya mbao mbele na nyuma. Na yeye huyo huyo akaniambia nisogee mbele kidogo kisha nirudi nyuma, ili vile vigurudumu vidogo vigeuke na kutazama mbele, kiti kiwe na nafasi ndefu zaidi ya kukanyaga. Ngazi ikafa. Siku ile wastani wangu ulipanda kutoka 7.2 hadi 8.1 bila kufanya zoezi lolote la ziada. Kijana nilimshonea suruali.

Sasa matumizi ya kila siku. Natega boksi kwenye ukuta wa jikoni la nje, mita 10 kwa futi kamba yangu ya kazini, katikati ya shabaha iko mita 1.4 kutoka chini kama inavyotakiwa. Napiga mizunguko 60, ambayo ndiyo hesabu ya hatua ya mchujo kwenye mashindano; ukipiga yote katikati kabisa unapata 654. Mimi bora yangu ni 561 katika kulala, yaani 9.35 kila mmoja. Katika kusimama ni aibu kidogo, 8.4.

Nalenga asubuhi tu. Hili ni la Dodoma na la watu wa Dodoma. Saa tatu ikifika jua limepiga ule ukuta, boksi linachanganyikiwa: mara linakataa kusoma, mara linaandika alama wakati sijavuta kitu. Mchana kati ya saa tano na saa kumi halifai kabisa nje. Kitabu kinasema litumike ndani ya ukumbi, na Mjerumani aliyeandika ana ukumbi. Nilijaribu kulitengenezea kofia ya kadibodi iliyopakwa rangi nyeusi, imesaidia kuongeza kama saa moja, si zaidi. Halafu kuna upepo wetu. Mwanga haupeperushwi, hilo ni kweli, risasi ndogo ya bunduki ya upepo ingepeperushwa. Lakini upepo wa mwezi wa saba hapa unakuja na nusu ya uwanja wa shule, vumbi linatanda kwenye kioo cha boksi, na mtutu wenyewe unasukumwa. Kuna siku boksi lilianguka mara mbili kabla ya chai. Nimelifunga na kamba za bodaboda sasa. Kioo nafuta kwa kitambaa cha bitana, si kwa khanga, khanga ina uzi mgumu.

Betri za boksi ni zile za rimoti, nne, zinakaa wiki tatu. Bunduki inachajiwa, inakaa siku nane au tisa za mizunguko 60. Umeme ukikatika kompyuta yangu ya zamani inazima, kwa hiyo programu napoteza, lakini boksi lenyewe lina taa za duara zinazoonyesha pete uliyogonga. Bila desimali, lakini unaendelea.

Kitu ambacho kifaa hiki kimenifundisha vizuri ni kuvuta kifyatulio. Kwenye cherehani, ukikaribia kona ya kola, unapunguza mota mpaka unahesabu sindano moja moja. Hapa ni vile vile. Natoa pumzi nusu, naacha, nasubiri pete ikae juu ya duara jeusi, na kidole kinaendelea kubana polepole huku nafsi inadhani bado. Ukijiambia "sasa!" umeharibu, bega linaruka kabla ya kidole. Nikikaa sekunde kumi bila kupiga, nashusha bunduki naanza upya, na hilo lilinichukua miezi miwili kulikubali, kwa sababu mimi ni mtu wa kumaliza mshono nilioanza.

Kitu ambacho hakinifundishi: mwanga unafika hapo hapo. Risasi ya kweli inachelewa kidogo kutoka mtutuni, kwa hiyo mlengaji anatakiwa abaki ametulia hata baada ya kuvuta. Hapa nikivuta na kulegea papo hapo, alama inabaki nzuri. Najilazimisha kuhesabu mbili kabla ya kushusha, ila kifaa hakinikaripii nikisahau. Mtu mwenye nia ya kwenda kwenye bunduki halisi alijue hilo mapema.

Jumamosi huwa tuko watu wanne au watano. Kuna kijana mmoja, muuza vocha, mikono yake haina nguvu tangu utotoni, anashika kitu lakini hawezi kukiinua. Huyo angekuwa SH2. Fundi akamtengenezea stendi ya kusimika mezani, akaweka springi ya shokapu ya pikipiki. Ikawa kama nguzo ya umeme, bunduki haitikisiki kabisa, kijana akapiga tisa na kumi mfululizo akafurahi sana, na mimi ndiye niliyemharibia raha, kwa sababu kwenye mashindano springi inatakiwa iyumbe, mlengaji ndiye aitulize. Tukajaribu springi ya kiti cha baiskeli. Hiyo ikaenda. Alama zake zikashuka hadi sita, akaninunia wiki moja, sasa yuko nane na anarudi.

Na kuna mwalimu mstaafu, haoni. Kulenga kwa wasioona kupo, nimeona: anavaa vipokea sauti masikioni, kuna kamera kwenye bunduki, na mlio unapanda jinsi mtutu unavyokaribia katikati, analenga kwa sikio. Kwenye Paralimpiki mchezo huo bado haujaingizwa, lakini mashindano yake yapo. Kifaa changu kinatoa mlio pia, muuzaji aliusifia sana, ila kinalia ukishapiga. Mlio mmoja wa juu ukigonga, wa chini ukikosa. Kwa asiyeona hiyo ni sawa na kuambiwa umepotea baada ya kufika Singida. Mwalimu alikaa, akashika bunduki, akaipapasa yote kwa utaratibu wa mtu aliyefundisha Sayansi miaka mingi, akapiga mara tano huku mimi nikimwambia kushoto, juu, juu tena, na mzunguko wa tano ukagonga 6. Akasema anashukuru, lakini anataka kupiga bila kuambiwa na mtu. Sina jibu la kumpa. Nyinyi mnaotengeneza vitu hivi, ule mlio uwekeni kabla ya kuvuta, si baada.

Huduma baada ya kununua: mbovu. Waya wa kompyuta ulikatika nikiwa na mwezi wa pili tangu ninunue. Nilimwandikia muuzaji, akajibu baada ya siku kumi na mbili, akaniambia nitume picha, nikatuma, akaniambia nitume picha nyingine. Waya ulikuja wiki ya sita, na ulikuwa wa chombo kingine. Fundi simu pale Majengo aliuunga ule wa zamani kwa elfu tatu, dakika kumi, mpaka leo unafanya kazi. Kwa hiyo ukinunua, hesabu kwamba umenunua na muuzaji amekufa.

Swali la watu wengi wanaonikuta dukani ni moja: ninunue au nisinunue? Ukiwa peke yako, na pesa yako ni ya mawazo, subiri. Tengeneza kwanza meza na kiti kwa fundi wa mtaani kwako, laki moja na ushee, ukae humo na ufagio begani wiki mbili, ulenge kitufe kilichobandikwa ukutani. Nasema kweli, ufagio. Utajua mgongo wako unaruhusu nini na viwiko vinataka meza iwe juu kiasi gani. Kama bado unatamani, tafuteni wenzako wanne mchange, kifaa kimoja kinatosha watu wengi na ubishi wa alama ndio unaoleta mtu Jumamosi. Kwa shule yenye ukumbi na watoto, chukueni hata kesho, mtasahau habari za jua na vumbi. Kwa mtu asiyeona, usichukue. Kwa mtu wa mikono dhaifu, chukua ukiwa na fundi anayejua springi.

Nikitoa alama kwa mtindo wao wenyewe: bunduki 8.6, boksi la kupokea mwanga 7.0 na nimelihurumia, kitabu cha maelekezo 3, muuzaji hajagonga hata karatasi. Meza ya fundi 10.7. Zile nukta mbili nimezizuia kwa sababu pini moja inalia.

Sasa hivi nashona koti la kulengea, mabega ya ngozi niliyonunua kwa mshona viatu, mwili wa turubai, fupi mbele ili lisikunjamane nikikaa. Joto lake mwezi huu wa kumi msiniulize. Mwenyekiti naye huja Jumamosi nyingine akitoka msikitini alfajiri, siku hizi anabisha hodi. Rekodi yake ni 8.4, na ameniagiza nisimwambie mjumbe mpaka afikishe tisa.